Umri wa Nyariek

Mwaka 1996, kwenye bomba la maji katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Nyariek aligombana na mwenzake juu ya foleni, akampiga kwa dumu, na jicho la yule msichana likapofuka. Ayak, mamake Nyariek, alisema bintiye ana miaka kumi na minne. Wazee wa pande zote mbili walikaa wakaelewana, naye Ayak akapiga magoti kuomba radhi. Lakini kesi ilikuwa imeshafika polisi, na Nyariek akapelekwa gerezani Lodwar.

Losike, afisa wa probesheni, alimkuta rumande pamoja na wanawake wazima. Turkana nzima haikuwa na mahali pa kuwaweka watoto. Akamwomba hakimu amrudishe msichana kwa mamake hadi kesi isikizwe. Hakimu aliuliza cheti cha kuzaliwa. Ayak akaeleza, kupitia mkalimani, kwamba alimzaa njiani, mwaka wa mafuriko, wakikimbia vita. Daktari akamtazama meno na kusema huenda ametimiza kumi na minane. Basi ikawa hivyo: akahesabiwa mtu mzima, akabaki rumande.

Kesi ikaahirishwa mara nyingi. Mara shahidi hakupata gari, mara majambazi wamefunga barabara. Katikati ya hayo Losike aliitwa Nairobi kwenye warsha ya sheria mpya ya watoto. Alisimulia habari za Nyariek, wakampigia makofi, na mwanamke mmoja akafuta machozi. Waliahidi kwamba mswada utafika bungeni karibuni.

Aliporudi, Nyariek alikuwa ameshahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Siku ya kutoka, Losike alimpokea langoni akamsindikiza Kakuma. Kwenye kibanda cha Ayak walikuta wageni kutoka Burundi. Jirani yao Jok ndiye aliyewaambia: Ayak alikufa kwa malaria wakati wa mvua, na hakuna aliyepeleka habari Lodwar.

Nyariek hakulia. Alisimama pale akitazama nguo za watoto wengine zilizoanikwa uani.

"Nirudishe kwa Akiru, afande," alisema.

Losike alimjua Akiru, mfungwa wa kule Lodwar. Alimuua mumewe, na kifungo chake kilikuwa cha maisha.

"Kule ni jela, mwanangu."

"Najua. Ananisuka nywele."

Jok akawaletea maji, wakanywa wakiwa wamesimama.