Mtoto wa Kubebwa

"Hii si taa niliyopewa jana," kijana alisema.

"Ya jana ni ya jana," Mama Taa, mgawa taa wa mgodi, alimjibu, akiisukuma taa na betri yake juu ya kaunta bila kumtazama usoni. "Shika hiyo. Inawaka."

Iliwaka kweli. Ila betri yake ilikuwa ya zamani, nzito, na mkanda wake ulikata kiuno, na hakuna mchimbaji aliyeichukua kwa hiari yake. Mama Taa alilijua hilo vizuri alipoinama kuitoa rafu ya chini. Kijana akaifunga, akashukuru, akasema, "Kazi njema, mama," kwa ile adabu yake inayokera. Mtu wa kawaida alfajiri kama ile hana adabu, ana usingizi. Mwenye adabu kabla jua halijatoka ana jambo anaficha, na Mama Taa hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kijana akatoa mfukoni kibati chake, kipande cha shaba chenye namba, akakitundika kwenye ubao ulio kando ya dirisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mgodi ule. Ukishuka, unatundika kibati chako. Ukipanda, unakitoa, kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna anayegusa cha mwenzake, awe meneja au awe Mama Taa anayekaa na funguo za chumba. Jioni, kabla ya kulipua baruti, msimamizi wa zamu anakuja kuutazama ubao. Ukiwa mtupu, analipua. Kikibaki kimoja, maana yake kuna mtu chini, na kazi yote inasimama mpaka apatikane. Ikija kugundulika kwamba mwenye kibati yuko juu anapunga upepo, anafungasha siku hiyo hiyo. Walishaondoka wazee wa kazi kwa kosa hilo, watu wenye watoto shuleni, na hakuna aliyewatetea.

"Umemwona mpwa wa mtu?" ilisikika sauti nyuma ya mlango.

Alikuwa mtunza stoo, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Alileta glavu za wiki na habari za siku.

"Simtaki hata kumwona," Mama Taa alisema.

"Jana meneja kampiga begani yule mwanafunzi wa likizo. Begani, hivi." Redio akampiga Mama Taa begani ili aelewe. "Mimi huu mwaka wa ngapi hapa? Aliwahi kunigusa bega?"

"Akuguse la nini?"

"Na buti mpya. Stoo yangu haina buti mpya. Zimetoka wapi?"

"Umeliangalia paji lake la uso?"

Redio hakuwa ameliangalia. "Lina nini?"

"La meneja lile. Mwangalie kwa ubavuni."

Basi ikawa hivyo. Kabla ya chai, karakana nzima ilijua kwamba mwanafunzi wa likizo ni mtoto wa dada yake meneja, na wapo walioapa kwamba walilijua tangu siku ya kwanza, kwa lile paji.

Usimcheke Mama Taa. Alikuwa na lake moyoni. Alikuwa na binti chuoni, anasomea uchimbaji, msichana peke yake darasani kwao, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Pale chuoni hakuna anayepewa shahada bila kufanya kazi likizo moja ndani ya mgodi, chini kabisa, siyo ofisini kwenye feni. Ukikosa, unarudia mwaka, na Mama Taa aliyemlea peke yake kwa mshahara wa kugawa taa hakuwa na mwaka mwingine wa kulipia. Mgodi ule ulichukua mwanafunzi mmoja kila likizo. Binti aliomba kama wenzake. Kisha jioni moja, wakiwa mezani, alisema, "Hawakunipigia, mama," na macho yake yakabaki kwenye sahani. Tangu hapo alitoka kila asubuhi kuzunguka kwenye machimbo ya kokoto, ambako hata wakikuchukua, chuo hakikuhesabii.

"Wamempa nani?" Mama Taa alimuuliza jioni ile.

"Kuna kaka mmoja tunasoma naye."

"Mtoto wa nani?"

"Mama, si kila mtu ni mtoto wa mtu."

"Hujui dunia wewe. Huyo kabebwa. Nionyeshe aliyepata pale bila kubebwa, mimi nitakuonyesha mjomba wake."

Na ndivyo walivyozoea kula ndani ya nyumba ile. Miaka na miaka, Mama Taa alirudi kazini na majina: huyu kapita mlango wa nyuma, yule kashikwa mkono, yule mwingine hajui hata kushika koleo ila baba yake anacheza bao na mkubwa. Binti alikua akisikia. Alijifunza kutafuna polepole na kuitikia kwa kichwa.

*

Jioni wachimbaji walipanda wakiwa na nyuso za kijivu, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana. Walirudisha taa, wakanyakua vibati vyao, wakatania kidogo dirishani. Mmoja wao, mzee wa kikosi cha uokoaji ambaye goti lake lilimsumbua, alimwomba Mama Taa ampe chumba chake cha joto alale humo mpaka kesho. "Utalipa kodi?" Mama Taa alimuuliza. Akacheka, akaondoka akichechemea. Ubao ukapungua vibati, ukapungua, mpaka kikabaki kimoja. Cha mwanafunzi.

Mama Taa akageuka kwenye dirisha la nyuma, lile dogo ambalo hakuna mwingine anayelitumia. Na huyo hapo. Alikuwa amekaa nyuma ya karakana juu ya pipa lililolazwa, anasoma karatasi zake, ile betri nzito ingali kiunoni. Wapima ramani walimtoa chini mchana kwa gari, kwa njia ya magari isiyopita kwenye ubao wa vibati, wakamwambia wakimaliza chakula watarudi wote shimoni. Kisha wao wakatoa vibati vyao, wakaenda zao mjini. Kijana aliambiwa asubiri, akasubiri. Kusubiri ndicho kitu ambacho shule inafundisha vizuri kuliko vyote.

Ilitosha kufungua dirisha na kumwita. Neno moja tu, na angekuja mbio akakitoa kibati chake, na pasingekuwa na habari. Mama Taa akaweka mkono kwenye komeo. Ukabaki pale. Alimfikiria binti yake akipiga hodi kwenye machimbo ya kokoto na viatu vyeupe kwa vumbi. Alifikiria likizo, kwamba bado ndefu, na mtu akiingia sasa atatimiza siku zinazotakiwa na chuo. Akauondoa mkono kwenye komeo. Akachukua kitambaa na kuanza kufuta betri alizokwisha kuzifuta. Yeye hajafanya kitu, alijiambia. Kama mtu kasahau, kasahau mwenyewe.

Msimamizi wa zamu akaja, akasimama mbele ya ubao.

"Hiki cha nani?"

"Cha mwanafunzi."

"Yuko wapi?"

"Sijui, bosi."

"Hujamwona akipanda?"

Hapo ndipo pangemtosha mtu yeyote kurudi nyuma. Kunyamaza ni kitu kimoja, kuulizwa ni kingine. Mama Taa alilisikia jibu likitoka kabla hajalichagua.

"Sijamwona."

King'ora kikalia. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Katika mawazo yake mambo yalikuwa mepesi: kibati kinaonekana, kijana anafukuzwa, nafasi inabaki. Hakukumbuka kwamba kati ya kibati na kufukuzwa kuna watu wanaovaa upya nguo zilizolowa jasho na kurudi chini, kwenye mahandaki ambako mashimo ya miamba yamekwisha kujazwa baruti. Mzee wa goti bovu akarudi dirishani anahema.

"Nipe taa yenye nguvu, mama. Tutaanzia kule mwisho."

Akampa. Alikuwa bado na nafasi ya kusema kwamba hakuangalia vizuri, kwamba ngoja achungulie nyuma. Lakini neno la namna hiyo lina wakati wake, na kila hatua iliyopita mbele ya dirisha lake iliufanya wakati huo uwe mbali zaidi. Kama mmoja wao angeumia, angemwambia nini mke wake?

Kilichowaokoa ni king'ora chenyewe. Kijana alikisikia, akaja anakimbia kutoka nyuma ya karakana, karatasi mkononi.

"Nani kapotea?" aliuliza. "Nisaidie wapi?"

Msimamizi alimtazama kuanzia kofia mpaka buti.

"Wewe," alisema.

Kijana alielewa taratibu. Macho yake yalikwenda ubaoni, yakarudi. Hakujitetea. Alisema tu, "Walisema tutarudi chini," kwa sauti ndogo, na hata yeye alijua haisaidii kitu. Waokoaji wakaitwa warudi. Mzee wa goti alipita karibu yake akatema mate pembeni. Msimamizi akasema gari la getini litamchukua jioni ile ile, na chuo kitapigiwa simu.

Kisha akaegemea kaunta ya Mama Taa, amechoka.

"Si una binti chuo hicho hicho?"

"Ninaye, bosi."

"Mlete kesho asubuhi. Siwezi kukaa na nafasi tupu likizo yote."

"Asante, bosi. Mungu akuzidishie."

Tusidanganyane, ilikuwa tamu. Akatoa simu ili ampigie, akairudisha. Habari kama hii mtu huiambia uso kwa uso, amuone mtoto akiruka.

*

Kijana alirudisha taa, akakitoa kibati chake ubaoni, akaketi kwenye benchi nje ya dirisha kungojea gari. Mkanda ule ulikuwa umemchubua, alikuwa anajipapasa kiunoni. Mama Taa angeweza kufunga dirisha. Lakini shaka ni njaa, haiondoki kwa sababu umeshinda.

"Mjomba wako hatakutetea?" alimuuliza.

"Mjomba gani?"

"Meneja."

Kijana akageuka kumwangalia, kama anatafuta utani uko wapi. "Meneja hata jina langu halijui, mama."

"Alikushika bega."

"Alinisogeza. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya gari lake."

"Na hizo buti?"

"Za kaka. Anafanya kazi ya barabara. Zinanibana mpaka kucha moja imetoka." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamshinda. "Sijui nyumbani nitaanzaje. Sasa ni kurudia mwaka."

Mama Taa alimchungulia kwa ubavuni. Lilikuwa paji la uso tu, la kijana aliyechoka.

"Nafasi uliipataje basi?"

"Bahati. Mimi nilikuwa wa pili. Walimpigia kwanza dada mmoja wa darasani kwetu, tulikuwa tumekaa benchi moja. Akawakatalia."

"Dada yupi?"

"Tunaye mmoja tu."

Mama Taa akashika ukingo wa kaunta.

"Aliwaambia anaumwa," kijana aliendelea, kwa maana alikuwa na haja ya kuzungumza na mtu. "Lakini sisi alituambia ukweli. Kuna mtu wake wa karibu anafanya kazi hapa. Alisema akija, watu watasema kabebwa. Tukamwambia acha ujinga, watu gani hao wa kukupotezea mwaka? Akasema, nyie hamwajui. Mimi ninakula nao kila jioni."

Hakujua alichosema. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Hasira ndiyo iliyomjia Mama Taa kwanza, akamkasirikia binti kwa uongo wake, akamkasirikia huyu kwa mdomo wake. Haikudumu. Ilipoisha alibaki na sahani mbele ya macho yake, na mtoto anayetafuna polepole. Aliona haya. Aliona haya mwili mzima, mpaka masikio yakamwaka moto. Na kesho asubuhi angemwingiza mtoto huyo getini kwa mkono wake mwenyewe, na Redio angesimama pale mlangoni na glavu zake, akitazama.

Honi ikalia. Kijana akasimama, akachukua begi lake.

"Haya mama. Asante kwa kila kitu," alisema.

Mama Taa alitoka kwa mlango wa pembeni, akauacha wazi na taa zote ndani, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu aajiriwe, akaukata uwanja akielekea ofisi ya msimamizi. Alitembea haraka kwa sababu alijijua. Akienda polepole atapata sababu ya kurudi.

Msimamizi alikuwa kwenye simu, anampa mlipuaji ruhusa. Alimwona, akatabasamu, akafunika simu kwa kiganja.

"Umemwambia? Amefurahi?"

"Mwambie dereva asubiri," Mama Taa alisema.

"Asubiri nini?"

"Mwambie asubiri kwanza, bosi. Halafu nikueleze. Na ukishanisikia utafanya utakavyo, hata kama ni mimi nitakayepanda gari hilo."

Msimamizi akanyoosha mkono nje ya dirisha, akamwonyesha dereva kiganja. Kule uwanjani mlango wa gari ulikuwa tayari umefunguliwa, na kijana alikuwa amesimama na begi mkononi, hajui kama aingie.

Mama Taa akafungua mdomo. Papo hapo baruti ikalipuka chini, mbali, na sakafu ikatetemeka chini ya miguu yao. Vikombe vikagongana juu ya kabati. Wote wawili wakangoja mtikisiko upite, kama watu wa mgodini wanavyofanya, kisha Mama Taa akasema, "Nilimwona, bosi."