Wimbo wa Arlette

…na mstari wa tatu hautaki kukaa, nimeandika rafiki ni mkono ulioshika mkono wangu, nikaufuta, mimi sipendi kushikwa mkono, kiganja cha mtu kina joto na jasho na baada yake siwezi kufikiri kitu kingine, sasa nitaimbaje uongo kanisani, na wimbo huu ni wa Arlette, sina njia nyingine ya kumrudisha, Magloire mwalimu wa kwaya anagonga penseli mezani, mara nne, anapumzika, mara nne, naisikia hadi kwenye meno, "Noëlla, couplet ya pili iko wapi? Tuko nangojea," naangalia karatasi, ubeti wa pili haujakamilika, gitaa mapajani, na Arlette yuko kule benchi la nyuma, kitambaa cheusi kichwani, wiki ya sita hanitazami, yeye aliyekuwa akinisindikiza hadi mtaa wa Panda, kando ya reli, kila Jumapili, kimya, tukihesabu mabehewa ya treni, akikosea makusudi ili nimsahihishe, huo ndio ulikuwa urafiki wetu na ulinitosha… daktari wa Lubumbashi aliandika autisme, usonji, kwenye karatasi, mama akaikunja akaiweka ndani ya Biblia, Arlette peke yake aliniuliza, inauma? nikasema inauma wakilia wengi pamoja, na walilia wengi, mama yake alipofariki, nilifika uani nikaona wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wamembana Arlette bega kwa bega, sauti juu ya sauti, kichwa kikajaa, miguu ikanipeleka nyuma ya nyumba kwenye vyombo, nikaosha siku tatu, sufuria za bukari, ugali wetu, zilizoshika ukoko, nikasugua kwa majivu hadi zikang'aa, kila moja nikisema moyoni hii ya Arlette, hii ya Arlette, nilidhani anajua, kilio kilipokwisha akaniambia mlangoni, taratibu, "Bantu bote balikaa na miye chini, hata bale ba mbali kule Kambove balikuya. Weye, hapana," na mimi, Mungu wangu, nilijibu, "Kuko sufuria moja haina kifuniko," kwa sababu ilikuwa kweli, nilikuwa nimekitafuta siku mbili, akafunga mlango, nikaona amenionea, wiki sita nimemkasirikia, ningemwambia nini zaidi… "Noëlla!" ndiyo, ndiyo, Christiane amechelewa, anatafuta pa kukaa, Arlette anainua kitenge kilichokunjwa pembeni yake, anampisha, Christiane anakaa pale mwisho ukutani, mahali pangu, ukuta upande mmoja na Arlette upande mwingine ili mtu asiniguse, kile kitenge… kilikuwepo kwenye kilio, kimekunjwa hivyo hivyo, juu ya mkeka, ukutani, kushoto kwake, watu wamebanana na pale hakuna aliyekaa, nilikiona, nilijiuliza kwa nini kitenge kimepewa nafasi na watu hawana, nikaenda zangu kuosha, siku tatu alikuwa amekiweka, na wiki hizi sita pia, Jumamosi kwa Jumamosi hapa mazoezini, mimi nimekaa mbele na gitaa langu na hasira zangu, na leo amekiondoa, kiko mapajani mwake, penseli inagonga, mara nne, hanitazami, nafuta machozi ya kwenye karatasi na ya usoni, naandika, uliniwekea nafasi ukutani, nami nilikuwa nyuma ya nyumba naosha, Magloire anauliza tena couplet iko wapi, iko hapa, imechelewa…