Pampu ya Pili Chumbani kwa Baba

Fundi bomba alifika saa nne asubuhi, akainua kifuniko cha shimo la kukusanyia maji ya mvua kwenye kona ya chumba cha baba, akachungulia na kuguna. Pampu ni nzima, akasema, ila umeme ukikatika inabaki chuma tu. Hilo nililijua bila kuambiwa. Mwezi uliopita mvua ilishinda ikinyesha, umeme ukakatika mchana kweupe, na maji yakafurika kutoka shimoni mpaka magotini mwa baba, aliyekuwa kwenye kiti chake asiweze kusimama.

Chumba hicho kiko chini ya nyumba yetu, ngazi kumi na mbili kushuka. Baba alihamia huko kwa miguu yake mwenyewe, akidai kelele za wajukuu zinamzeesha. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto, na habari ya ngazi ikaishia hapo. Akawa na fimbo, na akitaka kitu anagonga bomba linalopanda mpaka jikoni. Aligonga kwa kila jambo: chai imepoa, mto umeanguka, leo ni tarehe ngapi. Mimi subira sikujaliwa, wala sifichi. Tukakubaliana na mume wangu kwamba hatushuki mpaka agonge mara ya tatu, maana mwenye shida ya kweli hachoki kuita.

Siku ya maji aligonga mara mbili, akanyamaza. Fimbo ilikuwa imemponyoka, maji yakaisukumia chini ya kitanda. Nilishuka baada ya saa nzima, sahani ya chakula mkononi, nikamkuta anatetemeka. Watu wote niliwaambia sikusikia kitu. Ndugu zangu wakanipa pole, nami nikaipokea bila haya. Nilichokuwa naomba ni kimoja tu, baba naye aamini hivyo.

Tungeweza kumpandisha sebuleni. Mume wangu alisema sebule yenyewe ndogo, na mimi, ninayebishana hata na muuza mkaa, siku hiyo sikubisha. Nikaenda kununua pampu ya akiba.

Fundi alikata bomba la kutolea maji kwa msumeno, akaunga tawi la pili la pampu mpya, akafunga valvu ili maji yakishatoka yasirudi shimoni. Betri akaiweka juu ya rafu, mbali na sakafu. Baba, amekaa ukingoni mwa kitanda, alimuuliza maswali mengi kuliko mkaguzi. Fundi akamtania kwamba pampu hii ndogo ni mchezaji wa akiba, anakaa benchi mpaka mwenzake aumie. Baba akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Ikabaki kuijaribu. Fundi akachomoa plagi ya pampu kubwa, akaniambia nimwage maji shimoni, ndoo baada ya ndoo. Baba aliposikia maji yanaanguka, aliushika mguu wake mbovu kwa mkono mzima, akaupandisha kitandani. Roho iliniuma, lakini niliendelea kumwaga. Boya la kuiwasha likapanda, pampu ndogo ikanguruma, na king'ora chake kikalia mpaka fundi akaziba masikio huku anatabasamu.

Betri ikijaa itaendesha pampu kwa muda wa saa sita hivi, akatueleza. Baba akauliza na baada ya saa sita je. Fundi akanitupia jicho, akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Baada ya hapo, mzee, ni watu," akasema.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi chini kupangusa sakafu. Baba alikuwa bado anaitazama betri.

"Hicho king'ora kinasikika huko juu?"

"Kinasikika, baba."

"Afadhali. Mkono wangu siku hizi hauna nguvu. Siku ile nadhani niligonga polepole mno."

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke salama. Ningeitikia tu, mambo yangeisha, na ningeendelea kupewa pole. Nikashindwa. Nilikuwa nimechoka na uongo ule kuliko nilivyochoka na yeye.

"Hukugonga polepole, baba. Nilikusikia."

Akaushusha mguu sakafuni taratibu, akaupanga sawa na mwenzake.

"Najua, mwanangu. Nilisikia ukiongeza sauti ya redio."