Mfupa Usioshika Ulimi

Akufukuzaye hakwambii toka. Edouard aliujua msemo huo, na tangu Katanga ijitenge na Kongo alikuwa akiusikiliza ndani ya kila salamu. Baba yake alitoka Kasai, na mwaka ule pale Elisabethville, Mukasai mwenye akili alitembea karibu na ukuta.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza mifupa ya ndege iliyochimbwa kwenye makaburi ya kale, aseme upi ulikatwa na kisu cha watu wa zamani na upi ulikwaruzwa na jembe la mchimbaji wa juzi. Mkato wa kale una rangi ya mfupa wenyewe. Mkato mpya ni mweupe ndani kama muhogo uliomenywa. Miaka saba hakukosea hata mara moja, na majivuno alikuwa nayo, tusidanganyane.

Asubuhi moja Alphonse, msimamizi wa ghala la mifupa, alimletea mfupa wa mguu wa kanga wenye mikato kumi na miwili, imepangwa vizuri mno. Eti ni hesabu ya miezi ya mababu wa Katanga, na waziri anakuja kesho kuiona. Edouard atie tu saini kwamba ni wa kale. Alphonse huyo huyo, aliyezoea kumpita bila salamu, leo alimwita ndugu. Ndugu wa wapi?

Mikato ilikuwa ya kahawia hadi chini. Edouard akafanya wanavyofanya wachimbaji: akaugusa kwa ulimi. Mfupa wa kale hunata. Huu uliteleza, tena ulikuwa na chumvi na ladha ya majani ya chai yaliyoitia mikato rangi. Akitia saini, uongo ukigundulika utakuwa wa Mukasai. Akikataa, ataitwa adui wa Katanga.

Akaupeleka kwa Gérard, Mbelgiji mkuu wa kazi, aliyemfundisha yote hayo. Alphonse alimfuata nyuma.

“Patron, lamba weye mwenyewe,” Edouard alisema.

Gérard aliulamba. Akafuta midomo kwa leso, asimtazame, kisha akasukuma karatasi juu ya meza.

“Tia saini, Edouard.”

Kumbe kanga yule walimla wawili, Gérard na Alphonse. Kwa hasira Edouard aliandika: Kanga wa juzi, amepikwa kwa chumvi. Chini yake akaweka jina lake lote, pamoja na lile la Kasai.

Alifika nyumbani Kamalondo saa sita mchana, mkewe Laurentine bado anasonga bukari. Alimwambia wale haraka, halafu wakunje magodoro, wasingoje kuambiwa toka.