Mlinzi wa Kamba ya Nguo

Bweni la mwaka wa kwanza lilikuwa na sheria tele ukutani, lakini iliyoshikwa na kila mtu haikuandikwa popote: ukianika nguo, kaa nazo. Ukizipa kisogo, shati lako utalikuta darasani limekaa kiti cha mbele, limenyoosha mkono linauliza swali.

Kijana mmoja alifika kimya kama maji mtungini. Wenzake wa chumbani walikuwa wawili: Redio, ambaye mdomo wake haukuwa na pa kuzimia, na Mchungaji, aliyeiombea hata chai. Wakicheka, yeye kitandani juu alicheka pia, ila kwa kuchelewa, kama mwangwi. Kwao alilala na ndugu wanne, mguu wa huyu ubavuni mwa yule. Hapa watu walifurika mpaka korido, na hakuna wa kumuuliza umeamkaje. Alitaka kitu kimoja tu: kuhesabiwa.

Siku moja, penye kamba ya nguo, akajitosa. "Niachieni na zenu, nitaziangalia. Si nipo tu hapa chini?"

"Wee! Kumbe anaongea!" Redio akaruka. "Mchungaji, njoo uone, bubu kapona bila maombi!"

Hapo akapewa jina la Mlinzi, akalivaa kama suti mpya. Kila alasiri alikalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya bweni, akikodolea macho soksi za watu. Mama yake alipopiga simu, alimwambia, "Huku nimepata marafiki, mama. Hawafanyi kitu bila mimi." Mama akapiga vigelegele.

Basi ikaja siku yenyewe. Mlinzi akiwa chini kwenye ndoo yake, kiongozi wa darasa alipita juu akigonga milango: jaribio la hesabu la kesho limeletwa leo, sasa hivi! Wote watatu walisoma kozi moja. Redio akateremka ngazi mbiombio, Mchungaji nyuma yake.

"Mlinzi!" Redio akapaza sauti bila kusimama. "Jinzi yangu hiyo, usiipepesee jicho!"

"Ondoa shaka, ndugu yangu!" Akaisogelea ile jinzi, moyo umemjaa.

Walirudi wakibishana.

"Swali la tatu jibu lake sifuri, nakwambia!"

"Swali la tatu la nini?" Mlinzi akauliza, kakumbatia nguo zilizokauka.

Mchungaji akamgeukia mwenzake. "Hukumwambia?"

"Mimi? Si wewe wa kutangaza habari njema?"

"Wewe jambo halikai mdomoni hata ukilimeza! Nilijua ushamwambia."

Mlinzi alikwenda ofisini kwa mhadhiri mbio, nguo za watu bado mikononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nalinda nguo, mwalimu."

"Zako?"

"Za wenzangu."

"Na wenzako walikuwa wapi?"

"Kwenye jaribio."

Mhadhiri akavua miwani. Angemfokea, ingekuwa nafuu. "Kijana, asiyefanya jaribio haingii mtihani. Somo hili utalirudia mwakani. Pole."

Mlinzi hakugombana na mtu. Angegombana na nani, na alijitolea mwenyewe? Tena aliona heri asamehe upesi, maisha yaendelee. Lakini aibu ya mkosaji ina miguu, hukimbia kuliko hasira. Kwanza Redio alipungua sauti, kisha akazima kabisa kila Mlinzi alipoingia. Halafu wakaanza kuanika humo humo chumbani, kamba kutoka kitanda hadi kitanda, chumba kikinuka unyevu, ili mradi wasimpe kitu mkononi.

"Leo hamna za kuangalia?" aliwauliza Jumamosi, akijilazimisha kutabasamu. "Jua kali hilo, zitakauka mara moja."

"Hapana, kaka," Redio akajibu, macho sakafuni. "Wewe pumzika tu."

Kaka! Jina la Mlinzi lilishakufa. Sasa walimwita kwa heshima, ile ya kuwaitia wafiwa.

Wakavaa viatu, wakatoka wawili, na mlango wakaurudisha polepole, kama watu wanaotoka wodini. Kufika korido tu, Redio akawaka, na kicheko chao kikateremka ngazi. Kitandani juu, safari hii hakuna aliyecheka kwa kuchelewa.