Ndovu Mwenye Kwato za Ng'ombe

Jumanne moja ya Februari mwaka wa tisini na sita, saa moja unusu asubuhi, Mbeti alikuwa kwenye foleni ya maji nyuma ya bucha moja pale Umoja, Nairobi, mitungi miwili miguuni, wakati jirani yake Nabwire alipomwita kutoka orofa ya kwanza na kumwambia kwamba ndovu wa mzee ameamka na anakula sukuma wiki yake. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayelalamikia mbuzi. Mbeti alimwomba mwanamke wa nyuma yake amshikie nafasi, akaenda kutazama.

Kweli alikuwa anakula. Ndovu mwenyewe alikuwa wa mjakaranda, kimo cha mlango na nusu. Mumewe Mbeti, Kyule, alimchonga pale uani kwa miezi kumi na minne kwa sababu hoteli moja ya mjini ilimwagiza, na alipokamilika hoteli ikamkataa, ikisema gogo limepasuka ubavuni. Tangu Krismasi alikuwa amesimama tu, watu wakimwanikia nguo. Mkonga wake ulichongwa ukiwa umeinuliwa juu, maana watalii hupenda hivyo, basi hakuweza kuushusha. Alichoweza kufikia ni madebe ya mboga kwenye baraza la Nabwire. Alikuwa amemaliza debe la pili na anaingia la tatu, taratibu, bila fujo.

"Mama Ndete," Nabwire alisema, "mimi sina ugomvi na mnyama. Lakini mwambie Baba Ndete amfunge, ama anipandie mboga nyingine."

"Nitamwambia," Mbeti akasema, akarudi foleni.

Na usidhani mtaa ulisimama kwa ajili ya ndovu. Mtaa ulikuwa na siku ya tisa bila maji ya mfereji. Kufikia adhuhuri mtu alishatundika mitungi kumi na miwili kwenye ule mkonga, na ndovu akaelekezwa Makongeni, ambako mabomba yalikuwa yakitoa. Alirudi bila kumwaga hata kikombe. Kufikia Ijumaa hakuna aliyekumbuka habari ya mboga, hata Nabwire mwenyewe, ambaye alikuwa amefua mapazia.

Aliyekosa raha ni Kyule, na kilichomkosesha raha ni nyayo. Kyule alifundishwa kuchonga na mzee Muasya, na mzee Muasya, Mungu amrehemu, hakuwahi kuona ndovu maisha yake yote. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe. Alimchonga ndovu kwa kusimuliwa, na simulizi ilipofika magotini ikaisha, basi akammalizia miguu aliyoijua yeye: kwato zilizopasuka katikati. Wanafunzi wake waliiga. Ndivyo kazi ile inavyofanywa: unaweka mnyama aliyekwisha kuchongwa mkono wa kushoto, gogo mbele yako, unatazama kushoto, unachonga, mpaka wawe mapacha. Miaka thelathini ndovu wa uga wa Muasya walitoka na kwato, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuinama kutazama. Lakini sasa ndovu alikuwa anatembea kwenye tope la Umoja, na kila hatua iliacha alama ya ng'ombe, kubwa kama karai.

Mbeti naye alizitazama zile alama siku tatu. Siku ya nne alimwambia mumewe, "Baba Ndete, nichongee msalaba."

Kyule hakuuliza wa nani. Alijua. Mwaka wa hamsini na nane, kijijini Kaliani, Mbeti alimzika mama yake, Mukai, siku ya Jumapili. Jumatano malori ya serikali yakaja, na bwana mmoja mwenye kofia akawaambia watu wote watoke kwa siku tatu, kwa sababu mbung'o wamezidi na dawa itapigwa. Watoke tu na vyakula na blanketi. Mbeti alichomeka kijiti kibichi kaburini ili asipotee akija kupatafuta, akamwambia mama yake kwamba atarudi Jumamosi. Jumamosi walikuta seng'enge. Mwaka uliofuata pakaitwa hifadhi ya wanyama. Mbeti alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati huo. Sasa alikuwa na sitini, na hiyo Jumamosi ilikuwa bado haijafika.

Alishajaribu mara mbili. Mara ya kwanza alishuka basi barabarani akatembea mpaka langoni, na askari akamwambia humo watu hawaendi kwa miguu kwa sababu ya simba. Mbeti akamwambia amezaliwa humo. Askari akasema simba hawajui hilo. Mara ya pili alienda na kwaya ya kanisa kwa basi la kukodi, na basi likaingia vizuri, likafuata njia ya watalii, na kabla ya kilima cha kwao likakuta kizuizi na kugeuza. Ng'ambo ya kizuizi palikuwa na ofisi na nyumba za wafanyakazi, na wageni hawaruhusiwi. Kwaya iliona twiga kumi na mmoja. Mbeti alilia mpaka Nairobi, na hajawahi kuona haya kulisema.

"Nitampanda ndovu," alimweleza mumewe. "Kutembea nitakuwa sitembei."

"Na wakikukatalia?"

"Watakuwa wamemkataa ndovu kwenye hifadhi ya ndovu. Wacha wayaandike hayo."

Kyule alichonga msalaba kwa masalio ya mjakaranda uleule. Jumatatu walitoka, Mbeti juu na msalaba na chapati, Kyule chini akitembea kando, kwa sababu alisema mgongo wake hautaki kutikiswa. Pale Outer Ring makanga mmoja alimpigia kelele: "Niaje mzee! Hiyo ni ndovu ama ni ng'ombe imefura?" Maneno yale yalimchoma Kyule, akayabeba moyoni njia nzima. Walilala kwenye viwanja vya makanisa, na Jumatano saa tano walikuwa langoni.

Askari wa lango aliitwa Opicho, mtu wa magharibi, mpole, mwenye biro moja na vitabu viwili. Alimkagua ndovu kuanzia juu. Masikio yalikuwa sawa, pembe zilikuwa sawa, mkonga aliuona umeinuka kidogo lakini hakuufanyia neno. Wanyama wa porini huingia bure, na katika kitabu cha kwanza hapakuwa na mstari unaokataza mama kukaa juu ya mmoja wao. Alishashika kamba ya kuinua mti wa lango, akakumbuka kwamba kila mnyama apitaye husajiliwa kwa nyayo. Akachuchumaa. Alikaa chini pale kitambo.

"Mama," alisema, "huyu ni ng'ombe."

"Ni ndovu," Kyule akasema.

"Mzee wangu, mimi nimelelewa na ng'ombe, na hawa ndovu nimewachunga miaka kumi na tisa. Ndovu mguu wake ni wa mviringo kama kinu, na kucha ndogondogo mbele. Hizi ni kwato. Ng'ombe huyu."

Kyule alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka thelathini ya kazi yake ilikuwa imehukumiwa pale mbele ya mkewe, na mtu aliyehukumu alikuwa na adabu, jambo lililozidi kumuumiza. Mbeti alikaa juu amekumbatia msalaba. Aliuona mti wa lango, aliiona njia ng'ambo yake, na alijua umri wake hauna safari ya nne.

Opicho alifunga kitabu cha kwanza, akafungua cha pili. "Mifugo hairuhusiwi hifadhini," alisoma. "Ikikamatwa, ndani au langoni, itapelekwa zizi la makao makuu."

"Na mwenyewe?" Mbeti akauliza kutoka juu.

Opicho akafuata mstari kwa kidole. "Mwenyewe sharti afuatane na mfugo wake mpaka zizini, amtambue mbele ya afisa, atie sahihi."

"Kwa gari?"

Akafunua ukurasa. "Kwa miguu. Ng'ombe hapandishwi gari la serikali."

"Na simba?" Kyule akauliza.

"Simba hawajatajwa kwenye kitabu hiki."

Mbeti alishuka. Alishuka upesi kiasi kwamba ilibidi Kyule amshike kiuno. Akavua viatu, akavishika mkononi, akapita chini ya lango la Kaliani kwa nyayo zake mwenyewe.

Ilikuwa kilomita saba. Opicho alitangulia na bunduki, ndovu akafuata, kisha wazee wawili. Kizuizi kilichogeuza basi la kwaya kiliinuliwa bila swali, maana alikuwa ni ng'ombe anayepelekwa zizini. Mbeti alikuwa akitaja kila mahali kabla hawajapafika: hapa palikuwa kwa kina Nzomo, hapa mtoni, hapa tulikuwa tukipura mtama. Palipokuwa kwa kina Nzomo palikuwa na bwawa la kuogelea la wageni. Wazungu wawili walimpungia mkono, naye akawapungia.

Zizi la makao makuu lilikuwa la seng'enge, na lilijengwa mahali pale kwa ajili ya kivuli. Kivuli kilikuwa cha mti mmoja mkubwa uliopinda kidogo kusini, kama kilivyopinda kijiti alichokichomeka Mbeti. Hakuhitaji kuoneshwa. Aliingia, akapiga magoti chini ya mti, akaondoa kinyesi cha ng'ombe kwa mikono miwili. Kyule aliazima jembe ofisini, wakausimika msalaba.

"Mama," Mbeti alisema, "ni Jumamosi. Nimerudi."

"Mbung'o wameisha?" Mukai akauliza kutoka chini. Sauti yake ilikuwa ileile, yenye haraka kidogo, ya mtu aliyeacha sufuria motoni.

"Hapakuwa na mbung'o, mama."

Mukai akauliza watoto ni wangapi, na Mbeti akamhesabia wote kwa majina, na wajukuu. Opicho alisikia yote akiwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Hakuandika, kwa kuwa kitabu hakikuwa na safu ya mambo kama hayo, lakini alivua kofia.

Afisa alipokuja alimkuta Mbeti anaimba, na hakuimba kwa kunong'ona. Akampa fomu. Mfugo utabaki zizini mpaka mwenyewe athibitishe umiliki kwa barua ya chifu, na nakala tatu, na muhuri ambao kwa sasa ulikuwa umepelekwa kutengenezwa. Wakati huo wote mwenyewe atafika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, yeye binafsi, kwa miguu, kumtambua tena mfugo wake. Afisa alisema pole kwa usumbufu. Mbeti alimwomba amsomee tena pale penye maneno ya kila mwezi, na aliposomewa alishindwa kuficha meno.

Wakirudi waliwaona ndovu saba wakivuka njia kwenda mtoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kyule. Hakutazama masikio wala pembe. Aliinama akatazama miguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho alipopotea kwenye vichaka.

"Kumbe," akasema.

Watu wa Kaliani walikuwa wametapakaa Eastlands yote, na habari ikawafikia. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mutisya, ashonaye viatu vya matairi Kariokor, mwenye baba na kaka wawili waliolala chini ya ofisi ya posta ya hifadhi. Alitaka ndovu. Kyule alifurahi, akamweleza kwamba sasa anaijua miguu ya kweli, ya mviringo, yenye kucha, na kwamba atamchongea ndovu ambaye hakuna askari duniani atakayemkosoa.

"Nani kakuambia nataka ya kweli?" Mutisya akasema. "Zipasue kwato, mzee. Zipasue vizuri."

Basi Kyule akarudi kuchonga kosa la mwalimu wake, safari hii kwa makusudi na kwa mkono wa mtu ajuaye, na hakuna kazi aliyowahi kuionea fahari kama hiyo. Kila ndovu alipokauka aliamka, akala chochote kilichokuwa barazani, akaelekea mashariki na mwenyewe. Nabwire alihamishia mboga dirisha la nyuma.

Jumatano ya kwanza ya Agosti mwaka wa tisini na saba walikuwa watu thelathini na mmoja langoni, wamevaa nguo za Jumapili, wengine na maua, mmoja na kitanda cha kukunja cha kumlaza mama yake mgonjwa njiani. Wakati huo hifadhi ilikuwa imesimamisha ubao mpya kwa ajili ya wageni, wa maandishi meupe, uliosema kwamba nchi hii, tangu kuumbwa kwake, haijawahi kukaliwa na binadamu. Mbeti aliusoma kwa sauti, polepole, ili wasiojua kusoma wasikie. Kisha mama mgonjwa akaanza kucheka pale kitandani, na wote wakacheka, Opicho naye akacheka akijifuta macho, mpaka gari la watalii likapiga honi lipishwe.

Wakalipisha. Mbeti akachukua biro, na kwenye safu ya sababu ya kuja akaandika ng'ombe. Akampa Mutisya biro, akavua viatu, akapita chini ya ubao kwenda kwao.