Njia ya Kiboko

Juni 2003, mvua zilipokatika, Mikaeli alileta watalii wanne Kilambo kutembea vilimani na kuangalia wanyama wa bonde la Ruvuma. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, na buti zake zilikuwa mpya hata zikawa zinalia kila akipiga hatua. Alipotafuta mwenyeji wa kumwonyesha njia, alielekezwa kwa Zainabu, mjane aliyelima mihogo kilimani na mpunga bondeni.

Zainabu alimdharau tangu asubuhi ya kwanza. Kila ndege aliyeruka, Mikaeli alimtaja jina la kitabuni kabla hajamwona vizuri. Zainabu, aliyewafukuza ndege hao hao mpungani tangu utotoni, alimsikia akimpa mmoja majina matatu kwa siku moja. Wageni waliandika yote matatu. Ni bibi mmoja tu wa Kijerumani, Helena, aliyekuwa akisimama kutazama, kisha akamuuliza Zainabu kwa Kiswahili cha kuokoteza ndege yule anakula nini. Bibi huyo, Zainabu alimvumilia.

Siku ya tatu walishuka bondeni jua halijachomoza, ukungu umetanda. Mikaeli akataka wafuate njia iliyokanyagwa katikati ya matete hadi mtoni, wakapige picha. Zainabu aliinama akagusa kinyesi kilichotapakaa pembeni. Kilikuwa bado na joto.

"Hii njia ya kiboko," alisema. "Hajarudi majini. Tuzunguke."

"Mama, saa hizi viboko wote wako majini. Hilo linajulikana."

"Huyu hajasoma kitabu chako, kaka."

Mikaeli alicheka, akawaambia wageni kwamba njia ni salama, akatangulia. Zainabu akabaki nyuma na Helena, maana bibi alikuwa mzito wa miguu.

Hawakwenda mbali. Matete yalivunjika nyuma yao, na kiboko akaja mbio kuelekea mtoni. Mikaeli alimsukuma mgeni aliyekuwa karibu naye, akapenya kwenye matete kama panya. Wengine wakatawanyika. Helena alibaki katikati ya njia, amekufa ganzi. Zainabu alimshika kiunoni, akamwangusha pembeni kwenye tope na kumlalia. Mnyama akapita karibu nao, tope likawarukia usoni, akajitosa majini.

Jioni kambini Mikaeli alisimulia kwa Kiingereza, mikono ikipepea. Yusufu, dereva, alimtafsiria Zainabu kwa aibu: mkuu anasema alikimbia makusudi, ili mnyama amfuate yeye awaache wageni.

"Waambie kiboko hakuwa anamfuata mtu," Zainabu alisema. "Alikuwa anataka njia yake."

Yusufu alitazama chini, hakutafsiri. Lakini Helena alikuwa ameelewa. Aliinuka, akahamisha kiti chake, akaketi kando ya Zainabu. Mikaeli aliendelea kusimulia, ila sauti ilipungua.

Mwaka uliofuata Helena alimwandikia Mikaeli kwamba angerudi na wenzake sita, wakiongozwa na Zainabu, na si mtu mwingine. Basi Mikaeli akaja mwenyewe hadi shambani, akiwa na maneno matamu na khanga mpya mkononi. Zainabu alikuwa akipalilia. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwonyesha pa kukaa, palipokuwa na jua kali, akarudi kwenye jembe. Alimaliza matuta yote kabla ya kumuuliza amekuja kutafuta nini.